Mstari wa Ukingoni

Waldek alimdanganya mkewe kwamba wanakwenda kununua matairi ya majira ya baridi. Uongo wenyewe ulikuwa na kichaka cha kujificha, maana duka la matairi lilikuwepo kweli, tena lilipakana ukuta kwa ukuta na pale alipokusudia kumpeleka. Aliegesha gari katikati ya milango miwili. Lucyna akashuka, akafunga vifungo vya koti, akaelekea kwenye matairi.

"Siyo huko," alisema Waldek. "Huku."

Lucyna akageuka, akasoma maandishi ya dirishani: Paka Rangi Chombo Chako Mwenyewe. Ndani kulikuwa na meza ndefu, makopo ya brashi na rafu zilizojaa vyombo vyeupe.

"Nirudishe nyumbani."

"Nimeshaweka nafasi. Watu wawili, saa nne."

"Basi ingia wewe, ukajipake rangi usoni."

"Nitaingia. Wewe utakaa, utakunywa kahawa. Kuna aliyekwambia ushike kitu?"

"Umesema matairi, Walduś," alisema Lucyna, akimwita kwa jina lake la nyumbani.

"Matairi hayaendi popote bila gari."

Alimfungulia mlango na kusubiri. Upepo wa Novemba ulikuwa ukipiga, na Lucyna hakuwa mtu wa kusimama kwenye upepo kwa ajili ya kushinda ubishi. Akaingia, mkono wa kulia ukiwa umezama mfukoni.

Huko Bolesławiec, mjini kwao, nusu ya watu huishi kwa udongo, na nusu nyingine kwa kuwapikia hao wa udongo. Lucyna alikuwa wa udongo. Kwa miaka thelathini na miwili alikaa meza ya tatu kutoka dirishani katika kiwanda cha vyombo, akipiga nakshi kwa mihuri ya sponji na kuzungusha mistari ya brashi, na chini ya kila chombo akaandika herufi zake mbili. Waldek alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka ishirini na saba alivipeleka vyombo hivyohivyo hadi bandarini Hamburg, vimefungwa ndani ya makreti. Alijua uzito wa kreti, hakujua kilichomo. Nyumbani alikula supu kwenye sahani zenye kasoro alizoleta mkewe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuangalia kuna nini chini ya supu.

Mwezi wa Machi mkono wa Lucyna ulianza kutetemeka. Daktari alimwambia mambo mawili: hautakuua, na hautapona. Alimaliza zamu yake, akavua aproni, akaaga. Hakuna aliyemfukuza. Walimsihi ahamie chumba cha kufungasha, naye akawajibu kwamba hakuzaliwa kufunga kamba. Tangu siku hiyo alikaa jikoni akiutazama ua. Alijimiminia nusu kikombe ili kisimwagike. Binti yao alipopiga simu, alisema "nipo", akampa Waldek simu. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akigombana na redio! Waldek alikuwa ameomba ukimya kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, na alipoupata ulimtia hofu. Alimwona mkewe akizimika kidogo kidogo, kama jiko ambalo hakuna anayelitia kuni. Asiposhika brashi kabla ya Krismasi, aliwaza, hatashika tena. Na yule Lucyna ninayemjua atabaki kwenye picha.

Ndiyo maana akaweka nafasi.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye nywele zilizofungwa kwa kalamu. Aliinua macho kumkaribisha mgeni, kisha akasimama.

"Bibi Lucyna?"

Lucyna akamtazama. "Ilona. Yule wa rangi nzito."

"Yuleyule. Ulinifukuza mezani kwako mwaka wa tisini na tisa, wiki ya tatu."

"Ulikuwa unapaka kama mtu anayepaka siagi."

"Nilikuwa," alisema Ilona, wala hakuonekana kuumia. "Karibuni. Kahawa?"

"Nusu," alisema Lucyna.

Wakaketi mwisho wa meza. Upande wa pili walikaa wachumba wawili kutoka Poznań, kila mmoja na kikombe chake, wakicheka na kuchovya brashi moja kwenye makopo yote. Waldek alichagua sahani. Ilikuwa imechomwa mara moja tu, nyeupe, kavu, ikikwaruza vidole kama chaki. Ilona akamletea makopo ya rangi, brashi tatu, kibao cha duara kinachozungushwa kwa mkono, na sanduku la mihuri ya sponji ambayo wageni wote waliitumia.

Waldek akatazama ndani ya makopo. Kulikuwa na rangi ya majivu, ya matofali, ya zambarau iliyopauka, na nyingine kama maziwa yaliyodondokewa damu.

"Bluu iko wapi?" akauliza. Mji mzima ule ni wa bluu, toka mabirika hadi vibao vya mitaa.

Lucyna alikaa ameukalia mkono wake.

"Lucyna. Bluu ni ipi?"

"Hiyo ya zambarau."

"Hiyo? Unanitania."

"Basi unaniuliza nini, kama hutaki jibu?"

Waldek hakuamini. Ile ya majivu ilionekana kwake kuwa na ubluu fulani kwa mbali, ukiikodolea macho. Akachovya brashi nene, akaitua katikati ya sahani, akaanza kuchora kitu alichokikusudia kuwa ua. Udongo mkavu uliinywa rangi mara moja. Brashi ikakwama. Akaongeza rangi. Ikakwama tena, akaongeza tena. Ua likawa kama kabichi iliyokanyagwa na trekta.

Ulimi wake ulikuwa nje. Lucyna aliangalia ukutani. Kisha akaangalia dari. Kisha akaitazama sahani kwa jicho moja, kama mtu anayepita mahali pa ajali.

"Umeweka nene," alisema.

"Napenda nene."

"Itabanduka kwenye tanuru. Na hiyo siyo bluu. Hiyo ni kijani."

"Mimi naona bluu."

"Wewe umevaa soksi mbili tofauti."

Mchumba wa kike wa Poznań akachungulia chini ya meza, akaziba mdomo. Waldek akachukua muhuri kwenye sanduku, wa umbo la jani, akauzamisha wote ndani ya kopo na kuukandamiza kwenye sahani. Badala ya jani likatoka ziwa la rangi. Akaukandamiza tena kando yake.

"Weka chini!" alisema Lucyna, na sauti yake ilijaa karakana nzima. "Weka chini, mtu wee, unaua sahani! Ilona! Nipe nyingine, safi. Na hii mihuri uliitoa wapi?"

"Ni ya wageni, bibi."

"Muhuri wa kila mtu ni kama mswaki wa kila mtu. Lete sponji na wembe."

Waldek aliinamisha kichwa, asije akaonekana anatabasamu. Kule kiwandani kila mchoraji hukata mihuri yake mwenyewe wala hamwazimi mwenzake, hata dada yake wa tumbo moja. Hilo alilijua kwa miaka mingi kwa kulisikia tu, kama anavyojua kwamba kuna nchi iitwayo Peru.

Ilona alileta kipande cha sponji ngumu na wembe mwembamba. Lucyna akautoa mkono wake pale alipokuwa ameukalia. Ulikuwa unatetemeka waziwazi, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Wachumba wakatazama, kisha wakajifanya hawajatazama. Lucyna aliona. Uso wake ukawa mwekundu, na Waldek akadhani sasa atasimama, atachukua koti, na habari itaishia hapo.

Lucyna akaukandamiza wembe kwenye sponji.

Mkono ukatulia.

Aliuinua. Ukatetemeka. Akaushusha, akakandamiza. Ukatulia. Alifanya hivyo mara tatu, uso umekunjamana, kama fundi wa magari anayesikiliza injini.

"Ukisukuma, hautetemeki," alisema, si kwa mtu yeyote. "Ukining'inia ndipo unapotetemeka."

Kisha akakata. Vipande vidogo vya sponji vilidondoka mezani. Wembe ulikwenda kwa mkato mfupi mfupi, kila mmoja ukianzia pale ulipoishia mwingine, na ndani ya dakika tano akawa na mihuri miwili, mmoja wa duara lenye kitone na mmoja kama unyoya mdogo uliopinda. Akaigusisha kwenye ile rangi ya zambarau iliyopauka. Hakuizamisha, aliigusisha tu, kama anayepima joto la maziwa ya mtoto. Akaanza.

Waldek alikuwa ameona mambo. Alishavuka Ujerumani yote katika ukungu wa kutoona pua yake. Alishaona meli ikigeuzwa bandarini, kubwa kuliko kanisa, kwa kamba. Lakini hakuwahi kuona kitu kama kile. Lucyna hakupima. Hakuchora alama yoyote kwa kalamu. Mkono wa kushoto ulisogeza kibao, wa kulia ulishuka na kuinuka, tap, tap, tap, na kila muhuri ulitua pale ulipopangiwa kutua tangu dunia iumbwe. Unyoya ulifuata unyoya kuzunguka sahani. Unyoya wa mwisho ulipoukuta wa kwanza, nafasi kati yake ilikuwa ileile. Haikubana wala haikupwaya.

"Umejuaje kwamba zitatosha?" Waldek aliuliza.

"Zitatosha nini?"

"Hizo nyoya. Umejuaje kwamba mwishoni hutabaki na nusu?"

Lucyna alimtazama kana kwamba amemuuliza anajuaje kushuka ngazi. "Nimejua tu."

Akapiga duara la pili ndani ya lile la kwanza, na la tatu. Wachumba wa Poznań waliacha vikombe vyao. Ilona alisimama nyuma na taulo begani, akatulia. Waldek akafanya hesabu ambayo hakuwahi kuifanya: vyombo sitini kwa zamu, siku tano, miaka thelathini na miwili. Vitu hivi ndivyo alivyokuwa akivibeba. Kila mara alipofunga breki ghafla pale Magdeburg na kutukana, haya ndiyo yaliyokuwa nyuma ya mgongo wake, gizani, ndani ya nyasi kavu, na yeye alidhani amebeba kilo elfu nane. Aibu ilikuwemo moyoni, lakini ilikuwa ndogo. Kikubwa kilikuwa kile unachokisikia ukiingia kanisani mchana na kumbe kwaya imo ndani inaimba bila watu.

Lucyna akaweka mihuri chini.

"Bado mstari," alisema Ilona taratibu.

"Najua kwamba bado mstari."

Mstari wa ukingoni hupigwa kwa brashi nyembamba, kibao kikizungushwa mara moja bila kusimama, na mkono ukining'inia hewani juu ya sahani. Bila mstari huo sahani haijaisha, ni kama shati lisilo na ukosi. Na mstari huo ndio uliomfukuza kiwandani mwezi wa Machi.

Alichukua brashi. Ncha ilicheza hewani kama mkia wa mbwa. Akaegemeza kiwiko mezani, haikusaidia. Akashika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, ikasaidia kidogo, lakini sasa hakukuwa na mkono wa kuzungusha kibao. Akashusha brashi.

"Inatosha," alisema Lucyna. "Twende kwenye matairi yako."

"Unataka kitu cha kuegemea," alisema Waldek.

"Nataka mkono mwingine."

"Ninao miwili."

"Wewe huwezi kupiga mstari, Walduś, huwezi hata kupaka ukuta."

"Sijasema nitapiga. Nimesema ninao." Akavua sweta, akanyosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, mbele ya sahani, ngumi imekunjwa, kama anayetolewa damu. Ulikuwa mkono mnene wa kushika usukani, wenye mvi. "Egemea hapa. Mimi nimeshika usukani saa kumi na moja kwa siku. Hautikisiki."

Lucyna aliutazama ule mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauvuta karibu kwa sentimita mbili, akaushusha kidogo, akauinua tena, bila upole wowote, kama anayesogeza kabati. Akaweka kifundo cha mkono wake juu yake na kukandamiza.

Waldek aliusikia mtetemo ukiingia ndani ya mwili wake. Ulikuwa mdogo na wa haraka, kama njia ya reli treni ikiwa bado mbali. Kumbe ndio huu, aliwaza. Kumbe ndio huu aliokuwa nao peke yake tangu Machi. Alikaza misuli. Lucyna akakandamiza zaidi, na mtetemo ukapungua, ukapungua, ukabaki kama kumbukumbu tu.

"Usipumue," alisema.

Akazungusha kibao. Ncha ya brashi iligusa ukingo, na mstari ukaanza kutoka. Walisema baadaye, wale wa Poznań, kwamba ilichukua sekunde sita. Kwa Waldek ilikuwa safari ya kwenda Hamburg na kurudi. Mstari ulikuja ukizunguka, mwembamba, wa zambarau iliyopauka, ukakaribia mahali ulipoanzia. Karibu na mwisho mapafu yake yalimsaliti, akavuta hewa kidogo. Kisha mwanzo na mwisho vikakutana, hata usingeweza kusema ni wapi.

Ilona akaitoa taulo begani na kujifuta macho, akasema ni vumbi la udongo.

"Fagia basi," alisema Lucyna. Akaigeuza sahani kwa vidole vitatu na kuandika herufi zake mbili nyuma, akiikandamiza brashi.

Ilona akaipeleka kwenye beseni la ule uji mweupe ambao ukiungua huwa kioo. Akaishika sahani kwa koleo, akaizamisha, akaitoa. Waldek akapiga kelele.

"Imefutika! Mama, umeifuta!"

Sahani ilikuwa nyeupe tupu. Nyoya, duara, mstari, vyote vilikuwa vimemezwa, kana kwamba asubuhi yote haikuwahi kuwepo. Alimgeukia mkewe, mikono kichwani. Lucyna alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajishikilia meza.

"Miaka thelathini na minne," alisema akihema. "Miaka thelathini na minne nimelala na mtu wa Bolesławiec asiyejua hili!"

"Iko wapi?"

"Iko chini. Imelala. Moto utaiamsha."

"Kweli?"

"Muulize Ilona kama mimi hunidhani mkweli."

"Jumatano, mzee," alisema Ilona. "Njooni Jumatano saa tano, nafungua tanuru."

Jumatano Waldek alikuwa tayari saa mbili, amenyoa. Lucyna alimwambia akae chini asije akachimba shimo jikoni, lakini naye alikuwa amevaa koti tangu saa tatu.

Ilona alifungua mlango wa tanuru taratibu, na joto likawapiga usoni kama pumzi ya mnyama mkubwa. Kisha Waldek akasikia sauti. Vyombo vilikuwa vinalia. Ting. Kimya. Ting, ting. Vilikuwa vingi, kila kimoja kwa sauti yake, vikipoa kwenye rafu, kama mvua inayodondokea glasi.

"Vinasema nini?" akanong'ona.

"Vinasema kuna baridi," alisema Lucyna, naye pia kwa kunong'ona.

Wa Poznań walikuwa wamepata vikombe viwili vya madoadoa ya rangi zote, vyenye furaha yao. Sahani ilikuwa rafu ya pili. Ilona aliitoa kwa glavu nene na kuiweka mezani juu ya tofali.

Walikuwa wameweka zambarau iliyopauka, na zambarau iliyopauka haikuwepo popote. Kulikuwa na bluu. Waldek alikuwa amezaliwa katikati ya bluu hiyo, amekulia humo, amekula juu yake kila siku ya Mungu, na sasa alisimama mbele yake kama mtu aliyefunguliwa macho. Ilikuwa na kina. Ukiitazama ilionekana iko ndani, mbali, kama maji ya kisima cha machimboni. Nyoya zilizunguka katikati, na kwa jinsi zilivyopindwa zilionekana bado zinazunguka. Na huko nje kabisa, mstari. Umekusanya vyote na kuvishika.

Akavua kofia. Hakujua kwa nini. Mtu huvua kofia.

"Haya yote yalikuwa kwenye lori langu," alisema.

Lucyna hakumsikia. Alikuwa kazini. Alisubiri ipoe, akaigonga kwa ukucha na kusikiliza. Akaiinua usawa wa macho. Akapitisha kidole ukingoni polepole, duara zima, na mahali fulani kidole kikasimama.

"Hapa umepumua," alisema.

Waldek aliinama. Ilibidi aangalie mara tatu ndipo akaona mstari ulivyojikunja, unene wa unywele.

"Nisamehe."

"Usamehewe nini, wewe si jiwe." Akaiweka chini. "Daraja la pili."

"La pili tu?" Ilona aling'aka. "Bibi Lucyna, nina watu wangeitundika hiyo ukutani!"

"Waitundike. Daraja la pili ni daraja la pili." Lakini aliisema kwa ile sauti yake ya zamani, ile ya kugombana na redio, na macho yake hayakuwa tena kwenye sahani. Yalikuwa kwenye rafu ya vyombo vyeupe. Aliivuka mihuri, akayavuka makopo, akanyosha mkono, ule wa kulia, ukitetemeka mbele ya watu wote, na kushusha jagi kubwa la tumbo pana. Aliligeuza, akalikagua shingo, tumbo na kitako.

"Hili lina mistari mitano," alisema.

Waldek alimeza mate. Alilitazama jagi, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akaanza kuvua koti.

"Sasa hivi?"

"Nenda kwanza kale," alisema Lucyna, akivuta kiti na kukaa. "Mkate na soseji, na chai ya moto. Sitaki tumbo lako liungurume katikati ya mstari."